Hadubini na Kopo la Lengai

(Hotuba iliyosomwa ukumbini siku ya Mkutano wa Wanafunzi wa Zamani, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi. Tunaichapa kama ilivyosomwa.)



Katibu wetu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya jambo lolote lenye manufaa kwa vijana. Walionitangulia miaka iliyopita walizungumza juu ya uongozi, biashara na malezi. Mimi sina makubwa ya kusema katika hayo. Tangu nilipotoka hapa kazi yangu imekuwa mawe. Nimeyapokea yakiwa ndani ya magunia, nimeyapasua, nimeyasaga na kuyapima. Kwa hiyo leo nitazungumza juu ya mawe, na hasa juu ya namna ya kuyapiga picha kwa kifaa hiki kidogo mnachokiona mezani, yaani hadubini ya kidijitali.

Lakini ndani ya mazungumzo haya limo deni. Nililichukua hapa shuleni mwaka 1990, na sijalilipa mpaka leo. Naomba mnivumilie, nitalifikia kwa mpango wake.

Kabati la stoo ya Jiografia

Waliosoma hapa enzi zetu wanalikumbuka kabati lile la mninga lenye droo kumi na mbili. Mwalimu wetu wa Jiografia, Mungu amrehemu, alilijaza kwa miaka mingi. Kila likizo alirudi na jiwe. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, na kila jiwe lilipewa namba kwa rangi nyeupe, kisha likaandikiwa lebo: limetoka wapi, lini, nani kaliokota, na lilikuwa limekaaje pale lilipookotwa. Alizoea kutuambia kwamba jiwe lisilo na lebo ni kokoto tu.

Mwaka jana tulipata habari kwamba stoo ile itabadilishwa kuwa darasa. Shule haina kosa, kwa kuwa wanafunzi wameongezeka na vyumba ni vile vile. Nikamwomba Mkuu wa Shule anipe siku nne kabla kabati halijatolewa, nikaja na hadubini hii pamoja na kompyuta yangu ya mkononi. Wanafunzi sita wa kidato cha tatu walijitolea kunisaidia. Tulihesabu mawe 143. Kati ya hayo, 112 yalikuwa na lebo zake, na 31 lebo zilikuwa zimeliwa na mende au zimeanguka chini ya droo. Kazi yetu ilikuwa kupiga picha kila jiwe, kusoma daftari la Mwalimu, na kuyarudishia majina yale yaliyopoteza.

Hadubini hii ni kitu gani

Vijana, hadubini mnayoitumia katika Baolojia hupitisha mwanga ndani ya kitu chembamba, kama ngozi ya kitunguu. Jiwe halipitishi mwanga mpaka lisagwe liwe jembamba sana. Wanajiolojia hufanya hivyo: hulikata jiwe, hulibandika juu ya kioo na kulisugua mpaka ubaki unene wa sehemu 3 za mia za milimita. Njia hiyo ilipata nguvu baada ya Mwingereza Henry Clifton Sorby kuchapisha kazi yake mwaka 1858, na inatumika hata sasa. Lakini inahitaji mashine, gundi maalumu na fundi.

Hadubini ya kidijitali hutazama uso wa jiwe kama lilivyo. Ndani yake mna lenzi, kitambuzi cha picha kama kile cha kamera ya simu, na taa ndogo zilizopangwa kwa duara kuizunguka lenzi. Unaichomeka kwenye kompyuta, picha inatokea kwenye kioo, na darasa zima linatazama pamoja. Si badala ya hadubini ya mwanajiolojia. Ni ndugu wa karibu zaidi wa ile lenzi ya mkono ambayo kila mchunguzi wa miamba huivaa shingoni, ila hii inakumbuka ilichokiona.

Jambo la kwanza la kujihadhari nalo limeandikwa kwenye boksi lake. Boksi linasema kifaa kinakuza mara 1,000. Msiliamini. Ukubwa wa picha unategemea pia ukubwa wa kioo unachotazamia. Tuseme hadubini inaona eneo lenye upana wa milimita 8, na kioo cha kompyuta kina upana wa milimita 320. Gawanya 320 kwa 8, unapata mara 40. Picha hiyo hiyo ukiitupa ukutani kwa projekta ikawa na upana wa mita 2, imekuwa mara 250, lakini hujaona chochote kipya. Umeyanenepesha tu yale uliyokwisha kuyaona.

Kwa hiyo achaneni na hesabu ya mara ngapi. Tumieni rula. Kabla ya kupiga picha jiwe, weka rula ya milimita chini ya lenzi, ilenge vizuri, piga picha yake. Halafu usiguse tena gurudumu la ukuzaji. Kama picha ina upana wa pikseli 1,600 na unaona milimita 8, basi kila milimita ni pikseli 200. Fuwele yenye urefu wa pikseli 300 katika picha itakuwa na urefu wa milimita 1 na nusu. Hapo umepima, hujakisia. Kila picha tuliyoipiga katika siku zile nne ina mstari wa kipimo pembeni.

Namna ya kufanya kazi

Sasa nitataja mambo ambayo vijana wale sita waliyajifunza kwa kukosea, na mimi niliyajifunza hivyo hivyo.

Kwanza ni usafi na utulivu. Jiwe lipanguswe vumbi kwa brashi laini. Liegemezwe katika donge la udongo wa kufinyangia ili uso unaotaka kuutazama ulale sawasawa chini ya lenzi. Mezani pasiguswe wakati wa kupiga picha. Siku ya kwanza picha zote za asubuhi zilitoka na ukungu, tukailaumu lenzi. Kumbe mmoja wetu alikuwa akitikisa mguu chini ya meza.

Pili ni mwanga. Taa zile za duara ni nzuri kwa jiwe lisilong'aa, lakini fuwele yenye uso wa kioo huzirudisha zote, ukaona vidoa vyeupe tu. Dawa yake ni kupunguza taa za hadubini na kumulika kutoka upande mmoja, na kati ya taa na jiwe kuweka karatasi nyembamba ya kufuatishia ramani. Sisi tulikata kitako cha kikombe cha plastiki cheupe, tukamfunika nacho mgonjwa wetu na kumulika kwa nje, na mwanga ukawa laini kama wa siku ya mawingu. Mwanga wa kutoka pembeni kabisa, ulioinama kama jua la saa kumi na mbili jioni, huonyesha mikwaruzo na ngazi ndogo ambazo mwanga wa juu huzificha.

Njia nyingine ni karatasi ya kuchuja mwanga inayopatikana mbele ya kioo cha kikokotoo kilichoharibika. Weka kipande kimoja mbele ya taa, kingine mbele ya lenzi, kisha zungusha kimoja mpaka mng'ao upotee. Kwatsi na felspa zitaonyesha rangi zao za kweli. Lakini msitumie njia hii kwa madini yanayong'aa kama chuma, kwa kuwa nayo yatakuwa meusi.

Tatu ni ulengaji. Hadubini ikikuza sana, huona wazi tabaka jembamba tu. Kilele cha fuwele kikiwa wazi, tako lake lina ukungu. Usichague kimoja. Piga picha ya kilele, shusha lenzi kidogo, piga nyingine, na kuendelea hivyo hadi chini. Baadaye programu ya kompyuta, na zipo zinazopatikana bure, itachukua sehemu iliyo wazi katika kila picha na kuziunganisha kuwa moja. Kwa jiwe moja lenye fuwele ndefu tulipiga picha 22 kupata moja.

Nne ni rangi. Weka karatasi nyeupe chini ya lenzi, uiambie hadubini kwamba hii ndiyo nyeupe. Usipofanya hivyo, taa itakudanganya na mawe yote yatakuwa na buluu.

Tano ni maji. Jiwe lililopakwa maji kidogo huonyesha rangi vizuri, na wachimbaji wanajua, ndiyo maana hulilamba. Lakini kabla hujalilowesha jiwe, jua ni jiwe gani. Yapo yasiyotaka maji kabisa. Nitarudi hapa.

Tuliyoyaona

Jiwe la kwanza lilikuwa itale kutoka Mwanza, katika ile miamba mikubwa iliyobebana ufukoni mwa ziwa. Umri wa miamba hiyo ni zaidi ya miaka milioni 2,500. Kwa macho ni jiwe la kijivu lenye madoa. Chini ya lenzi madoa yakawa madini matatu: kwatsi inayofanana na vipande vya chupa visivyo na sura maalumu, felspa yenye nyuso bapa zinazong'aa zote kwa pamoja ukiligeuza jiwe, na ulanga mweusi uliopangwa kama kurasa za kitabu. Kijana mmoja aliyesoma habari hizi vitabuni alisema, "Kumbe ni kweli!" Nilifurahi kuliko ambavyo angefurahi mwalimu wa mtihani.

Jiwe namba 40 lilitoka Geita, na katika droo lilikuwa limefichwa nyuma ya mengine, nadhani na mtu aliyekusudia kurudi. Lilikuwa na vidoa vya manjano. Tulivitazama: vilikuwa vipande vyenye umbo la mchemraba, na juu ya nyuso zake mistari myembamba iliyolala sambamba. Dhahabu haiko hivyo. Dhahabu ni laini, ukiigusa kwa ncha ya sindano inabonyea, na rangi yake haibadiliki ukiigeuza. Ile ilikuwa pairaiti, mchanganyiko wa chuma na salfa, ambayo ikiguswa kwa sindano huvunjika. Vijana wangu, mtu anayejua tofauti hii hauziwi uongo, wala yeye hauzi uongo bila kujua. Nimeona katika kazi yangu baba wa watu akiuza ng'ombe ili anunue gunia la pairaiti.

Jiwe kutoka Mererani, ambako tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967, halikuwa na tanzanaiti. Lilikuwa na kinywe, kile kinachotengenezwa risasi za penseli, kikiwa kimejipanga katika magamba ya fedha nyeusi. Ndiyo miamba yenyewe ambamo tanzanaiti huzaliwa. Mwalimu aliandika katika daftari: "Huyu ni mama, mtoto hakuonekana."

Na hadubini iliturekebishia kosa. Jiwe namba 57 lilikuwa na lebo ya Kilimanjaro, namba 75 lebo ya Mwanza. Lile la 57 chini ya lenzi lilikuwa itale. Lile la 75 lilikuwa jiwe la volkano la kijivu cheusi, ndani yake felspa kubwa zenye umbo la pembe nne zilizolala, ambazo ni alama ya miamba ya Kibo. Mtu mmoja, miaka iliyopita, alizigeuza tarakimu mbili. Bila kutazama kwa makini, kosa lile lingeendelea kufundisha uongo kwa vizazi.

Kwa njia hiyo, na kwa msaada wa daftari, mawe 19 kati ya yale 31 yamerudishiwa majina. Kumi na mawili yaliyobaki tumeyaandikia "Haijulikani". Vijana walitaka tukisie. Nikakataa. Lebo inayokiri kutojua ni bora kuliko lebo nzuri ya uongo, na sasa naingia katika habari ya deni langu.

Kopo

Katika droo ya chini kabisa lilikuwamo kopo la maziwa ya unga, na ndani yake jiwe namba 101. Wengi wenu hamkuliona, kwa sababu Mwalimu hakulitoa ovyo. Alilichukua mwenyewe mwaka 1988 katika kreta ya Oldoinyo Lengai, ule mlima wa Mungu wa Wamasai ulio kusini mwa Ziwa Natron. Alilifunga katika plastiki, akalitia ndani ya kopo na kuziba kifuniko kwa nta ya mshumaa.

Kulikuwa na sababu. Lengai ni volkano hai ya pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya aina yake. Mwanajiolojia J. B. Dawson aliwaeleza wanasayansi habari zake mwaka 1962. Lava ya kawaida ya basalti hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,000 hadi 1,200 za Sentigredi, nyekundu na nzito. Ya Lengai hutoka na kiasi cha nyuzi 500 tu, nyepesi inayotiririka kama maji, na mchana huonekana nyeusi kama oili chafu. Haina silika nyingi kama lava nyingine, bali imejaa kaboneti za soda na chokaa. Madini yake makuu ni mawili. Moja huitwa gregoriiti, kwa kumbukumbu ya J. W. Gregory aliyechunguza Bonde la Ufa. La pili huitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere.

Lava hiyo inapotoka ni nyeusi. Ikikutana na unyevu wa hewa huanza kuwa nyeupe kwa muda mfupi sana. Mvua huimaliza. Soda inayeyuka, madini yanageuka, na mwishowe kinachobaki ni unga wa chokaa. Ndiyo sababu ya nta.

Mwaka 1990 nilikuwa kidato cha pili. Kiranja wa stoo ya Jiografia alikuwa rafiki yangu wa bweni moja, kitanda cha juu yangu. Usiku mmoja wa mwezi Machi, wakati wa kujisomea, nilimwomba ufunguo nikamwambia nimesahau atlasi. Alinipa bila kuuliza. Nilikwenda, nikachokonoa nta kwa kisu cha kalamu na kufungua kopo. Nilitaka tu kuiona nyerereiti. Nikavunja kipande cha ukubwa wa punje ya mhindi, nikakitia mfukoni na kubana kifuniko bila nta.

Siku ya tatu nilitoa kile kipande mfukoni. Kilikuwa cheupe. Kilikuwa kimeacha alama ya chokaa katika kaptura yangu. Ndugu zangu, hapa ndipo penye deni. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto mdadisi. Tangu siku ile ya tatu nilikuwa ninajua. Nilijua kinachotokea ndani ya kopo, na nilijua kwamba siku hiyo jiwe kubwa bado lingeweza kuokolewa kwa mshumaa wa senti chache. Nikakitupa kipande bombani, nikanyamaza. Masika yakaanza.

Mwezi Agosti Mwalimu alifungua kopo mbele ya kidato cha nne. Alikuta kitu cheupe kilichopasuka, na unga. Hakupiga kelele. Aliita tu kiranja. Rafiki yangu alivuliwa ukiranja na kupewa wiki mbili za kung'oa visiki nyuma ya jiko. Aliulizwa nani mwingine alishika ufunguo. Akajibu, hakuna. Alikuwa anajua kuwa ni mimi. Wiki zile mbili nilimwona kila asubuhi akipita na jembe, na mimi nikipita na vitabu.

Mwalimu alistaafu akiamini kwamba alimkosea jiwe lake kwa kulikabidhi kwa mtoto asiyefaa. Na jiwe lile halina mbadala. Mwezi Septemba 2007 Lengai ililipuka kwa nguvu, na sakafu ile ya kreta aliyoikanyaga mwaka 1988 haipo tena. Mlima unaweza kutoa lava nyingine. Hautatoa ile.

Kilichobaki

Siku ya nne ya kazi yetu nilifungua kopo kwa mara ya pili katika maisha yangu. Nilimwaga unga kidogo juu ya karatasi nyeusi, nikachagua bonge kubwa lililobaki, kama ukubwa wa dole gumba. Sikuweka maji. Nilizima taa za duara, nikamulika kutoka pembeni kwa mwanga ulioinama.

Nilitazamia kuona unga mtupu. Lakini katika weupe ule zilitokea sura za vibao vyembamba, vilivyonyooka, vimelala kila upande, vyenye urefu wa milimita moja au mbili. Lilikuwa umbo la fuwele za nyerereiti. Nyerereiti yenyewe haimo tena. Tulitia tone la siki pembeni, likachemka kama chokaa yoyote inavyochemka. Madini yaliondoka, lakini yaliyokuja badala yake yalijaza nafasi ile ile, kama matofali mapya katika shimo la matofali ya zamani. Tukapiga picha 30 tukaziunganisha. Hiyo ndiyo picha iliyobandikwa pale mlangoni, ambayo baadhi yenu mmeuliza ni ya nini.

Nilimtumia rafiki yangu picha hiyo kwa simu, na chini yake nikaandika yote niliyowaambieni. Miaka mingi tulikuwa tumeonana harusini na misibani bila kuligusa neno hili. Alijibu baada ya siku mbili. Aliniandikia kwamba visiki vilikuwa kumi na vinne, na kwamba kilichomuuma si visiki bali ni kwamba sikuja hata siku moja kumshikia jembe. Yuko hapa leo, amekaa kati yenu. Amenikataza nisimtaje jina, wala nisimwombe asimame. Nimemwomba radhi nyumbani kwake. Leo nairudia mbele ya shule, kwa sababu aliadhibiwa mbele ya shule.

Ombi langu

Namalizia kwa mambo matatu.

La kwanza: darasa letu limechanga na kununua hadubini mbili za aina hii, na tunazikabidhi leo kwa Idara ya Jiografia. Picha zote za mawe 143 zimo katika kompyuta ya shule, na nakala nyingine iko kwa Katibu wetu. Namba ya kila picha ni namba ya jiwe lake.

La pili: picha si jiwe. Nawaombeni, wanachama wenzangu na Mkuu wa Shule, kabati litakapotoka stoo lisiende nje chini ya mwembe. Picha haiwezi kukwaruzwa kwa sindano wala kudondoshewa siki. Siku moja kijana mwenye chombo bora kuliko hiki atataka kuliuliza jiwe swali ambalo sisi hatukulijua. Tumwachie jiwe. Korido ya maktaba ina nafasi ya upana wa hatua nne, nimeipima.

La tatu ni kwenu vijana. Mkipata kitu kisichongoja, kipigeni picha siku ile ile, kikiwa kibichi, na rula pembeni. Kama Mwalimu angekuwa na kifaa hiki mwaka 1988 tungekuwa nayo leo nyerereiti ndani ya lava nyeusi, japo kwa picha. Na mkiharibu kitu, semeni siku ya tatu. Msingoje Agosti.

Lebo ya zamani ya jiwe namba 101 inasema: "Lava ya Oldoinyo Lengai, 1988. Usifungue." Nimeiacha mahali pake, kwa mwandiko wa Mwalimu. Chini yake nimebandika nyingine, nami naisoma: "Kopo lilifunguliwa Machi 1990 na mwanafunzi wa kidato cha pili bila ruhusa. Kiranja wa stoo hakuhusika. Jiwe limegeuka chokaa. Umbo la fuwele limebaki." Nimetia sahihi yangu.

Ndugu Mkuu wa Shule, pokea kopo. Nta yake ni mpya.